Baba Yumo Kwenye Kopo

Sehemu ya Saba

“Mtue mzee chini. Polepole. Halafu geuka.”

Ndiyo, jamani, ndipo tulipomwacha Thelma Grimwade: asubuhi ya ukungu, kwenye kona ya makaburi ya mabwana nyama wa Marlingcote, koleo mkononi, kopo la biskuti kwapani, na mtutu wa bunduki umemgusa mgongoni. Wiki nzima mmekuwa mkinisumbua kama atapigwa risasi au la. Tulieni, ndiyo kwanza kumekucha.

Na wewe uliyeingia leo, shika hili moja tu. Ndani ya kopo lile hamna biskuti. Yumo mzee Harold, baba yake Thelma, au tuseme majivu yake, maana huku Uingereza maiti wengi huchomwa. Kabla ya kukata roho alimshika binti yake mkono akamwapisha. “Unilaze kando ya babu yangu Josiah. Sisi ni damu ya mabwana nyama.” Thelma akaapa.

Shida ni kwamba kona ile hazikwi mtu ila aliyewahi kulinda fezanti wa Marlingcote, au mtu wa damu yake. Fezanti ni ndege wale wa mkia mrefu. Wenye majumba huwalea msituni mwaka mzima kama watoto, huwaajiria walinzi wasiibiwe, halafu huwaalika rafiki zao waje kuwapiga risasi. Msiniulize, na mimi nilishachoka kuuliza. Mchungaji alikuwa amekataa katakata mpaka bibi mwenye jumba aseme ndiyo. Thelma ni mpishi mstaafu wa shule, mwanamke aliyekuwa akinyamazisha ukumbi mzima wa watoto kwa mwiko mmoja. Hakutaka maneno mengi. Alinunua koleo.

Sasa akageuka.

Mbele yake alisimama mzee mrefu, mkavu, kofia bapa imemshuka mpaka kwenye nyusi. Huyo ndiye Wilf Stannard, bwana nyama mkuu wa Marlingcote.

“Jina?” akafoka.

“Langu au la huyu?”

“La huyo wa kwenye kopo.”

“Harold Grimwade.”

Mtutu ukashuka. Uso wa Wilf ukapauka, midomo ikamcheza.

“Grimwade? Wa Josiah?”

“Mjukuu wake kabisa.”

“Ala! Samahani sana, mama. Samahani mno. Samahani kwa bunduki, samahani na kwa ukungu huu. Karibuni kwangu mpate chai.”

“Karibuni? Mbona niko peke yangu?”

“Na yule bwana aliyelala nyuma ya jiwe la babu yangu naye.”

Clive akainuka, magoti yamejaa tope. Huyu ni mdogo wake Thelma, fundi bomba, mwanamume wa maneno mengi ila siyo mbele ya bunduki.

“Nilikuwa nasoma maandishi,” akasema.

“Kwa tumbo?” Thelma akamuuliza.

Nimeishi na Waingereza miaka mingi, nawaambieni ukweli. Mwingereza akikutukana, huna baya. Akianza kukuomba samahani, tafuta mlango. Lakini Thelma yeye aliona heshima tupu. Alimfuata Wilf kifua mbele, akimnong’oneza baba yake kwenye kifuniko, “Umeona, baba? Jina lako tu limeshusha bunduki.”

Jikoni kwa Wilf kulikuwa na jiko la makaa, mbwa wawili wamelala, na ukutani picha kubwa ya zamani. Thelma alipoiona alitua kopo mezani, akapiga kelele.

“Hiyo picha! Tunayo nyumbani! Huyo wa mwisho kulia ndiye Josiah!”

“Ndiye,” Wilf akasema, akimimina chai bila kuitazama picha.

“Ona bunduki yake! Ona alivyosimama na wenzake! Baba alikuwa akituamsha Jumapili tuisalimie.”

“Mama, keti.”

“Nimeketi.”

“Basi shika kikombe. Babu yenu hakuwa bwana nyama.”

“Alikuwa nani?”

Wilf alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. “Alikuwa mwizi.”

“Mwizi wa nini?”

“Wa hao hao ndege.”

Clive akapaliwa na chai. Thelma akasimama, kiti kikaanguka, mbwa wakaamka.

“Wewe mzee! Umenitolea bunduki nikavumilia. Sasa unamtukana marehemu mbele ya marehemu mwenzake? Si huyo hapo kwenye picha?”

“Tazama mfuko wa koti lake, mama. Umevimba. Unadhani mna nini?”

“Tumbaku.”

“Fezanti wawili.”

Thelma akaisogelea picha. Akatazama kwa jicho moja, akatazama kwa jingine. Kutoka kwenye mfuko wa Josiah Grimwade kulichomoza kitu chembamba, kirefu, ambacho nyumbani kwao kwa miaka yote waliamini ni mwanzi wa kiko. Ulikuwa mkia.

“Mungu wangu,” akasema.

“Siku ile,” Wilf akaeleza, “mabwana nyama wote waliitwa wapigwe picha. Josiah akajua misitu haina mtu, akaingia kuiba. Wakati wa kutoka akapita nyuma ya banda la mbwa, akajikuta uso kwa uso na wote wamejipanga. Mpiga picha akamwona, akampigia kelele. Wewe wa pembeni, sogea ndani! Akasogea.”

“Na hakuna aliyemuuliza yeye ni nani?” Clive akadakia.

“Kila mmoja alidhani ni msaidizi wa mwenzake. Baada ya picha kulikuwa na chakula, wakamkaribisha. Ungemuulizaje mtu jina wakati umeshampakulia?”

“Na kesho yake?”

“Kesho yake ilikuwa mbaya zaidi. Kumuuliza siku ya pili ingekuwa kukiri kwamba jana hukumjua. Basi akaja kesho, akaja keshokutwa. Akalima bustani ya mabwana nyama, akala karamu zao za mwaka mpya, akapewa bahasha na wageni. Jioni akirudi kwake na ndege wawili mfukoni. Miaka na miaka!”

“Lakini alizikwa pale!” Thelma akang’aka. “Jiwe limeandikwa Mlinzi Mwaminifu! Nimeliona kwa macho yangu!”

Wilf akafuta uso kwa kofia. “Kwenye mazishi mchungaji aliuliza marehemu alilinda msitu upi. Wakatazamana. Ndipo wakagundua kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kumwajiri.”

“Wakafanya nini?”

“Wangefanya nini, mama? Jeneza limeshafika. Wakamzika.”

Clive akaanza kucheka. Alijizuia, akashindwa, akalaza kichwa mezani mabega yakimtikisika. Thelma hakucheka. Alikuwa akimfikiria baba yake. Mzee Harold alikuwa dereva wa basi mjini Leicester, lakini kila Jumapili alivaa soksi ndefu za kuwindia, akaenda uwanja wa mpira kuwahesabu njiwa kana kwamba ni wake. Harusi gani hakuisimulia habari ya Josiah? Msiba gani? Hata muuguzi aliyemfumba macho alikuwa ameshaambiwa. Machozi yakamlengalenga Thelma, akayakataa.

“Basi ni hivi,” akasema. “Wewe ndiye mkuu hapa. Mwambie bibi mwenye jumba kwamba Josiah alikuwa mlinzi. Neno moja tu, nimlaze mzee wangu niondoke.”

“Siwezi. Huo ni uongo.”

“Umekaa na uongo huo ukutani kwako maisha yako yote!”

“Nimekaa nao kimya. Sisi akina Stannard hatusemi uongo, mama, tunanyamaza tu. Baba wa babu yangu ndiye aliyekuwa mkuu siku ile. Ikijulikana alimlisha mwizi mezani kwake miaka yote ile, tutachekwa mkoa mzima wa Norfolk, na mimi kazi sina.”

“Twende nyumbani, dada,” Clive akasema, akipangusa macho. “Tumrudishe kabatini. Kabatini hakuna anayeuliza ukoo.”

“Niliapa, Clive.”

“Uliapia mambo ambayo hayapo.”

“Niliapa kwa mtu aliyekuwepo!”

Kabla Clive hajajibu, mbwa waliruka wakaelekea mlangoni, mikia ikipiga kila kitu. Nje kulisikika viatu vikubwa vya mpira vikikanyaga tope. Wilf akadondosha kijiko.

“Bibi Mkubwa! Leo ni siku ya mawindo, nimesahau! Anakuja kumlisha Brigedia!”

Brigedia ni jogoo wa fezanti, mzee, kipofu wa jicho moja, ambaye kwa amri ya Bibi Mkubwa, ndiye mwenye jumba, hapigwi risasi. Kila asubuhi ya mawindo Bibi Mkubwa humletea changarawe kwa mkono wake mwenyewe, maana ndege hawa wasipokula changarawe chakula hakisagiki tumboni. Na changarawe hizo Wilf huzihifadhi jikoni, kwenye kopo la biskuti.

Msicheke. Hata nyinyi, kopo la biskuti lililoko juu ya kabati la mama lina sindano na uzi. Huku ni hivyo hivyo: misumari kwenye kopo la biskuti, vifungo kwenye kopo la biskuti, baba kwenye kopo la biskuti. Na makopo yote ni yale yale ya bluu.

Mlango ukafunguka. Akaingia Bibi Araminta Pelly-Vane, mwanamke mnene wa makamo, koti limechanika kiwiko, lulu shingoni.

“Hamjambo! Msisimame!” Wote walikuwa wamesimama. “Wilf, sikujua una wageni. Vizuri sana. Siulizi.”

Akanyoosha mkono mezani, akanyakua kopo, akatoka nalo. Kopo la changarawe lilikuwa bado liko kwenye rafu.

Thelma akamtazama Wilf. Wilf akamtazama Clive. Clive akaitazama dari. Kwa hiyo wakatoka nje wote watatu mbiombio, wakajipanga nyuma ya Bibi Mkubwa kwa heshima, mikono nyuma.

“Brigedia! Njoo, mpenzi!” Bibi Mkubwa akaita. Jogoo akatokea kwenye ua, akichechemea. Kifuniko kikafunguka.

“Samahani, Bibi Mkubwa,” Wilf akaanza, kijasho chembamba kikimtoka.

“Ndiyo, Wilf?”

“Kumekucha vizuri leo.”

“Kumekucha vizuri, ndiyo.”

Mkono ukazama koponi. Thelma alijua wazi kitakachofuata. Akisema ni baba, ataulizwa baba yupi. Akisema Grimwade, ataulizwa Grimwade wa msitu upi. Hapo Josiah atang’olewa hadharani, Wilf atafukuzwa, na mzee Harold kona ile ataisikia redioni. Akinyamaza, mzee atabaki na sifa yake, ila atakuwa tumboni mwa jogoo.

“Leo ni laini, Wilf,” Bibi Mkubwa akasema, akisugua vidole. “Umezichekecha?”

Akatupa kidogo. Brigedia akainamisha kichwa, akadonoa.

“MWACHE BABA YANGU!”

Sauti ile ilinyamazisha vikombe katika shule nne enzi zake. Brigedia akaruka juu ya ua akatokomea msituni na kipande cha marehemu. Bibi Mkubwa akaganda, ngumi imejaa majivu.

“Baba yako ni huyu jogoo?” akauliza kwa upole.

“Baba yangu ni hiyo changarawe! Ni Harold Grimwade, dereva wa basi, na babu yake amezikwa pale kama bwana nyama na hakuwa bwana nyama, alikuwa mwizi! Aliingia kwenye picha kwa bahati mbaya, na watu hawa wakaona aibu kumuuliza mpaka wakamzika! Wilf hana kosa. Mimi sina haki ya kona yenu hata shubiri moja. Lakini niliapa, na nimechoka kunyamaza. Sasa nipe baba yangu, nakuomba.”

Wilf alikuwa amefumba macho, anasubiri kufukuzwa. Clive alikuwa amejibanza nyuma ya pipa la maji.

Bibi Mkubwa akairudisha ngumi koponi, akaifungua, akapangusa kila kidole kwa makini kwenye ukingo. Halafu akaketi kwenye ngazi ya mlango, mzima mzima, lulu zikagongana.

“Alisogea tu?” akauliza. “Wakamwambia sogea, akasogea?”

“Ndiyo.”

“Na hakuna aliyemuuliza.”

“Hakuna.”

Machozi yakaanza kumtiririka Bibi Araminta Pelly-Vane, mashavuni mpaka shingoni. “Mwanangu,” akamwambia Thelma, ambaye kwa umri ni mkubwa wake, “mimi nilikuja hapa kupima mapazia.”

“Unasemaje?” Wilf akafumbua macho.

“Naitwa Doreen Tapp. Nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la vitambaa. Mzee wa jumba alikuwa amefariki, na mpwa wake Araminta alikuwa anatarajiwa siku hiyo hiyo kutoka Kanada kuja kurithi. Nilipofika na futi yangu, watumishi wote walikuwa wamejipanga kwenye ngazi. Mkuu wao akainama. Karibu nyumbani, Bibi Araminta, akasema, pole na safari.”

“Ukamjibu nini?”

“Nilisema asante. Ningesemaje? Angeaibika mbele ya watu wake.”

“Na jioni?”

“Jioni walikuwa wameshanipikia.”

Thelma akaketi kando yake. Kwa mara ya kwanza tangu afike Norfolk aliona mtu anayemwelewa. Wakakaa hivyo, wanawake wawili na kopo moja, mpaka Doreen akapenga kamasi kwenye leso ya hariri.

“Wilf, umesikia nini?”

“Sikusikia kitu, Bibi Mkubwa. Nilikuwa nawafikiria mbwa.”

“Vizuri. Mchukulie dada koleo. Mzee Harold atalazwa kando ya babu yake sasa hivi, kabla wageni wa mawindo hawajafika. Mchungaji akiuliza, mimi ndiye niliyesema. Na Brigedia akirudi, akifa kifo chake, naye azikwe hapo hapo. Siyo vizuri kumtenganisha mzee.”

Thelma alimkumbatia mpaka lulu zikakatika kamba. Alilia kwa sauti, bila kujizuia, kilio alichokuwa amekibana tangu siku ya msiba. “Umesikia, baba? Umesikia? Unakwenda kwa babu!”

Wakaongozana njia ya kanisani: Wilf mbele na koleo, Doreen na Thelma wameshikana mikono, Clive nyuma akiokota lulu. Walibakiza hatua chache kufika langoni pale gari la kukodi lilipowapita na kusimama. Akashuka bibi kizee mdogo, mkongojo mkono mmoja, sanduku mkono mwingine. Akawatazama wote, akatabasamu kwa haya.

“Samahani sana kuwasumbua,” akasema. “Mimi ni Araminta Pelly-Vane. Nimechelewa kidogo.”

Mkono wa Doreen ukawa wa barafu ndani ya mkono wa Thelma.

“Siku ile meli iliharibika,” bibi kizee akaendelea. “Nikapiga simu kuwaomba radhi. Nikaambiwa Bibi Araminta ameshafika, yuko mezani anakula. Nikaona siyo adabu kubisha. Nikarudi Kanada. Ila sasa nimezeeka, jamani, na nyumba yangu ya pekee ni hii. Nimekuja kuzikwa kwetu. Nani hapa ana ruhusa ya kunikaribisha?”

Wilf alianza kuyasoma mawingu. Doreen alitazama viatu vyake. Thelma alilikumbatia kopo kwa nguvu, na bibi kizee akaliona.

“Mmebeba nini kizuri hapo, mwanangu?”

Thelma akafungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, neno lile lile lililomtoa baba yake mkononi mwa Doreen. Lakini safari hii likitoka ataulizwa nani amemruhusu, na jibu linamwangusha Doreen, na Doreen akianguka, ruhusa ya mzee Harold inaanguka naye. Akasita, na kule nyuma Clive, aliyekuwa hajasema kitu cha maana tangu alfajiri, akaamua kusaidia.

“Biskuti,” akasema.

“Oh, asanteni! Sijatia kitu mdomoni tangu jana.” Bibi kizee akaweka sanduku chini, akavua glavu, kidole kimoja kimoja, akanyoosha mkono kwenye kifuniko. “Naomba moja tu.”